Mstari wa Mama Chemsha

Ukitaka kumuudhi Mama Chemsha, mwambie maji yake yamechemka. Mwambie hivyo tu, halafu uone atakavyokugeukia na mwiko mkononi. Mapovu kwake hayakuwa kitu. Mapovu, alikuwa akisema, ni maji kupiga kelele, na mpiga kelele bado hajafanya kazi. Maji ya nyumba yake yalihesabiwa kuwa yamechemka pale tu yaliposhuka mpaka kwenye mstari.

Mstari huo aliuchora mwenyewe kwa ncha ya msumari, ndani ya sufuria kubwa, katikati, ukazunguka pande zote. Kila jioni akirudi kazini aliijaza sufuria hiyo maji ya kisima mpaka shingoni, akaiweka kwenye mkaa bila kifuniko ili mvuke utoke kwa raha yake, na hakuiepua mpaka nusu ya maji iwe imekwenda zake. Nusu iliyobaki aliipoza, akaichuja kwa kitambaa cheupe, akaimimina kwenye ndoo ya kunywea. Mkaa alioteketeza kwa kazi hiyo ungeweza kupikia harusi za mtaa mzima. Majirani walimtania hivyo, wakampa na jina, naye jina akalivaa kwa fahari.

Usimcheke, au mcheke kidogo kisha unyamaze. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliamka mzima, akaanza kuhara, na jua halijazama alikuwa amekwisha, macho yameingia ndani, midomo imepasuka kwa ukavu. Enzi hizo mtaa ulikunywa maji ya kijito kilichopita nyuma ya nyumba. Baada ya mazishi alipita bwana afya na kipaza sauti, akiwaambia watu wachemshe maji. Yakitokota kidogo, alisema, epueni, yanatosha. Nusu hakuitaja. Hiyo nusu aliizua mama mwenyewe, kwa hesabu za mtu aliyefiwa: kama kuchemsha kidogo kunaua vijidudu, basi kuchemsha sana kutaua kifo chenyewe. Hakuna aliyemfundisha, na ndiyo maana leo hana wa kugawana naye lawama.

Baadaye wakaja watu na mtambo, wakachimba kisima kirefu pale njia panda. Kulikuwa na utepe, kulikuwa na hotuba, kulikuwa na mheshimiwa aliyekunywa glasi nzima mbele ya watu akajifuta mdomo. Maji yalitoka maangavu, hayana rangi, hayana harufu, na watu wakapiga makofi. Mimi maji maangavu nilishaacha kuyapigia makofi. Maji hayachagui: chochote yatakachokipitia huko chini kwenye miamba yanakilamba, yanakiyeyusha, yanakibeba, kisha yanapanda juu na kukutazama kwa uso mkavu. Wachimbaji walichukua chupa moja wakaenda kuipima, wakasema majibu yatakuja. Mpaka leo yako njiani.

Watoto hawakuzikwa tena kwa kuhara, hilo lazima lisemwe, na sifa zote zikaenda kwa Mama Chemsha. Naye alijua kujitetea. Kila baada ya muda chini ya sufuria yake ulijengeka ukoko mweupe, mgumu, na yeye aliukwangua kwa kisu, akauweka kwenye sahani na kuuzungusha kwa majirani.

"Mnauona uchafu huu? Huu mimi nimeutoa. Ninyi wenzangu mnaunywa."

Majirani wakashika vichwa. Ndipo sufuria zikaanza kuletwa. Mwali akiolewa mtaani, sufuria yake mpya ilipitishwa kwanza kwa Mama Chemsha ichorwe mstari, naye aliuchora bure, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Msumari wenyewe ulikuwa na mahali pake, juu ya kizingiti cha mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuutumia kutundikia kitu.

Kazini alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Jikoni kule masufuria yalikuwa ya kutosha kumwogeshea mtu mzima, moshi ulikuwa ukiwatoa machozi hata wasio na majonzi, na ukali wake mkubwa ulijulikana na kila msaidizi aliyepita mikononi mwake: chumvi mwisho. Ole wako utie chumvi mchuzi ungali mwepesi.

"Maji yana miguu, chumvi haina!" alifoka. "Unaonja sasa unaona tamu. Maji yakishaondoka, chumvi yote imekaa inakungoja. Watoto watalala ndimi nje!"

Dirisha la jiko lilitazamana na darasa la sayansi. Kila mwaka alisikia watoto wapya wakiimba kwa pamoja kwamba maji safi hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Kwamba yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukipoa huwa maji. Kwamba maji huyeyusha vitu vingi. Aliyajua yote kwa moyo. Aliyaimba pamoja nao huku akikoroga maharage, akawa anamaliza kabla yao.

Mtoto wake wa pili alikuwa binti, na huyo alilelewa kwa maji ya mstari tangu tone la kwanza. Alinenepa, akatambaa, akacheka na kila mtu. Kisha meno ya utoto yakang'oka, na yaliyoota badala yake yakatoka na madoa ya kahawia, yakazidi kukolea mpaka yakawa kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Mama yake alimsugua kwa majivu, akamsugua kwa mkaa, akamchapa kwa ajili ya pipi ambazo mtoto wa watu hakuwa amezila. Miguu nayo ikapinda, goti likaachana na goti. Watoto wa mtaa mzima walikuwa hivyo, wengine kwa matege ambayo mbwa angepita katikati bila kuinama, na wakubwa wakasema ndiyo damu ya huku kwetu, tumeumbwa hivi. Binti alipofika umri wa kujitazama kwenye kioo, alianza kucheka amefunika mdomo kwa kiganja. Mazoea hayo hajayaacha.

Alikwenda mjini akapata kazi ya mapokezi hotelini, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri kwenye simu. Alipoanza kukutana na wageni ana kwa ana, meneja akamwambia kwa upole kwamba mtu wa mapokezi anatakiwa atabasamu, akamhamishia chumba cha kufulia. Huko akapata mwanamume, akazaa mtoto wa kike, na mwanamume akayeyuka. Halafu ikaja bahati: kazi kiwandani, mshahara wa maana, ila wafanyakazi hulala bwenini na watoto hawaruhusiwi. Akampigia mama yake simu.

"Mama, nataka nikuletee mjukuu wako ukae naye. Mpaka nipate pa kupanga."

Mama Chemsha alikuwa akiishi peke yake tangu mumewe, fundi baiskeli, afariki. Alipokata simu alicheza jikoni bila muziki. Kesho yake akaenda kumuaga mwalimu mkuu, akaacha kazi kabla ya wakati wake wa kustaafu, akawaachia wengine masufuria yale makubwa na moshi wake. Akarudi nyumbani, akaisugua sufuria ya mstari mpaka ikang'aa.

Binti alifika na mtoto mgongoni, begi moja, na madumu ya maji yaliyofungwa kwa kamba.

"Haya ni ya nini?" mama akauliza.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Haya ni ya nini?"

"Ya mtoto. Nimeyanunua mjini. Yakikaribia kuisha nitatuma mengine."

"Maji?" Mama Chemsha akajishika kiuno. "Umeniletea maji? Mimi?"

"Ni ya mtoto tu, mama. Naomba anywe haya tu, na umpikie kwa haya."

Ingekuwa mtu mwingine, siku ile ile angerudi na madumu yake. Lakini mtoto aliamka, akalia kwa kinywa wazi, yakaonekana meno machache meupe pe, na bibi akasahau ugomvi. Akamtwaa mgongoni mwa mama yake.

"Mke mwenzangu! Mume wetu ametutangulia, lakini nyumba katuachia. Njoo tugawane vyumba, na usinionee kwa kuwa wewe ndiye kijana."

Mtoto akamshika pua. Mambo yakaonekana yametulia.

Kesho yake binti alitoka kwenda dukani. Aliporudi alimkuta mtoto mapajani kwa bibi, kikombe mdomoni, na ndoo ya maji ya mstari iko wazi pembeni. Alikitwaa kikombe, akayamwaga maji uani.

"Umemwaga maji yangu," mama akasema.

"Nilikuomba, mama."

"Nimeacha kazi kwa ajili ya mtoto huyu. Nimemchemshia maji mpaka kwenye mstari, mkaa wangu, macho yangu yanawasha, wewe unayamwaga mbele yangu kama ya kunawia miguu? Maji hayo hayo ndiyo yaliyokulea wewe!"

"Ndiyo." Binti akaushusha mkono kutoka mdomoni. Mbele ya mama yake hakuwa amefanya hivyo tangu utotoni. "Yamenilea. Nitazame."

Mama akatazama pembeni.

"Nilikwenda kwa daktari wa meno, nikamwomba anisafishe," binti akaendelea. "Akaniambia huu si uchafu, hausafishiki, umetoka na jino lenyewe. Kuna madini yanaitwa floraidi, mama. Kidogo yanafaa. Yakizidi yanaliharibu jino likiwa bado ndani ya ufizi, yanapinda na mifupa. Yamo kwenye kisima chetu. Akaniuliza, maji hayo mlikuwa mkiyachemsha? Nikamjibu kwa kujivuna, nikasema daktari, hakuna mtu aliyechemsha maji kama mama yangu. Nikamweleza mpaka mstari. Akaweka kalamu chini."

"Madini gani ambayo siyaoni? Yana ladha?"

"Hayaonekani. Hayana ladha."

"Basi hata kama yalikuwemo, moto uliyaua."

"Si vijidudu hayo, mama. Hayana roho. Hayafi."

"Basi yalitoka na mvuke! Nusu nzima ya maji inaondoka mwanangu, uchafu utabakije?"

Binti akavuta pumzi. Swali alilokuwa nalo alikuwa amelibeba tangu mjini, na njia nzima aliomba lisihitajike.

"Mama," akasema taratibu, "kwa nini chumvi unaitia mwisho?"

"Kwa sababu maji yana miguu," mama akajibu papo hapo, kwa ule ukali wake wa jikoni, na hapo akakwama.

Mtoto alikuwa amekaa chini anakivaa kikombe kitupu kichwani kama kofia. Mama Chemsha alimtazama muda mrefu. Kilichompanda kwanza hakikuwa huzuni, ilikuwa hasira: alimkasirikia daktari na kalamu yake, alimkasirikia mheshimiwa na glasi yake, aliwakasirikia wachimbaji na chupa yao. Alipowamaliza wote akabaki na hasira moja ambayo haikuwa na mtu wa kuibandika.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kabla sijamzaa huyu."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje, mama? Kila ukipiga simu unaniuliza kama nachemsha."

Asubuhi, wenzake wangali wamelala, Mama Chemsha aliwasha mkaa. Alitia maji kwenye sufuria ndogo, akakoroga chumvi kidogo sana, akaonja. Ladha ilikuwa kwa mbali. Akafunika. Yalipotokota alikifunua kifuniko, akakigeuza, akayalamba matone yaliyoning'inia chini yake. Hayakuwa na kitu, yalikuwa maji matupu, yale ya wimbo wa watoto wa shule. Akaiacha sufuria wazi mpaka maji yakafika nusu, akaonja tena, na chumvi ikamkunja uso. Kazi ya mpishi huyu maisha yake yote ilikuwa kuonja, na hakuwahi kufikiria kuonja kifuniko.

Akainua macho kwenye paa la jiko, lililokuwa jeusi na lenye madoa ya unyevu juu ya pale alipozoea kuweka sufuria kubwa. Maji safi ndiyo aliyokuwa akiyapeleka huko miaka yote hiyo. Paa lilikunywa maji safi, na mwanawe akanywa mabaki. Angefuata maneno ya bwana afya bado madoa yangekuwepo, maana kisima ni kile kile. Lakini madini hayo aliyafanya maradufu yeye, kwa mkono wake, kwa mkaa wa kununua, kwa mapenzi. Aliketi kwenye kigoda akalia kimya kimya, kamasi zikimtiririka, na wala hakujifuta.

Alikuwa bado amekaa pale mke wa kinyozi alipobisha hodi. Huyu alikuwa mja mzito, ameshika sufuria mpya inayong'aa, na nyuma yake amefuatana na mwanawe wa kwanza, mtoto mchangamfu anayetembea kwa kuyumba, matege yake ya kutisha.

"Shikamoo, Mama Chemsha. Ile ya zamani imetoboka. Nichoree hii, mgeni yuko njiani."

Alishauchukua na msumari kizingitini ili kumrahisishia mama wa watu kazi. Mama Chemsha aliutazama msumari, akamtazama mtoto miguuni.

"Sichori."

"Nimekukosea, mama?"

"Hujanikosea. Mimi ndiye niliyewakosea."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, akichanganya chumvi na madini na mvuke, lakini mke wa kinyozi alielewa, kwa sababu alikuwa akimtazama mwanawe muda wote huo. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Kwa hiyo tunywe nini?" akauliza.

"Chemsha, ila funika. Yakitokota tu, epua. Mvua ikinyesha, kinga ya mvua."

"Mvua iko wapi?"

Mke wa kinyozi akauweka msumari chini, pale pale mlangoni, akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Sufuria mpya aliisahau, au aliiacha makusudi. Mchana ule watu walipita mbele ya nyumba ile kama kawaida, ila shikamoo zilipungua, na kuna mama mmoja aliyesimama upande wa pili wa njia, akaitazama nyumba mpaka Mama Chemsha akafunga dirisha.

Jioni binti alianza kupanga nguo za mtoto kwenye kabati la bibi yake. Kesho alitakiwa kuripoti kiwandani.

"Tumeelewana sasa, mama. Nitamwacha. Madumu nitatuma kila nikipata mshahara, utampa hayo tu."

"Mchukue."

"Mama?"

"Mchukue mtoto wako."

"Hasira hizo, mama. Basi nisamehe, sikupaswa kuyamwaga."

"Si hasira. Naijua mikono yangu." Mama Chemsha aliongea akiitazama hiyo mikono. "Madumu yatachelewa siku moja. Siku hiyo mtoto atalia kiu, nami nitampa ya kisima. Na nikimpa ya kisima nitachemsha, na nikianza kuchemsha sitaepua. Nitajiambia bado kidogo, bado kidogo, mpaka nifike pale pale. Siwezi mwanangu. Siwezi kumpa mtoto maji nisiyoyaamini. Nilishamzika mmoja."

Binti aliketi kitandani, nguo za mtoto mapajani.

"Nitaikosa kazi, mama."

"Najua."

"Na wewe ulishaacha ya kwako."

"Najua. Panga nguo."

Asubuhi waliondoka wote watatu kwenda stendi, binti na begi, bibi na mjukuu. Madumu waliyarudisha, yalikuwa mazito, na hakuna aliyetaka kuyabeba, lakini mtoto alihitaji kunywa njiani. Pale kisimani watu walikuwa wamepanga ndoo zao kama siku zote, maana kiu haingoji majibu ya chupa, na maji yalikuwa yakitoka maangavu kabisa. Wachache waliitikia salamu.

Gari lilipokaribia kuondoka, Mama Chemsha alimnyanyua mtoto ili mama yake ampokee dirishani, na alikuwa ameapa kutolia mbele yake. Akamtania.

"Mke mwenzangu, yaani unaniachia nyumba nzima? Haya, na mume nimchukue peke yangu?"

Mtoto akacheka. Alicheka kwa furaha, kwa kichwa chote, na kabla sauti haijatoka alikuwa amekwishaweka kiganja chake kidogo mdomoni, akayafunika yale meno meupe yasiyo na doa.

Bibi akaushusha mkono ule taratibu. Mtoto akaona ni mchezo, akaupandisha tena, akacheka zaidi. Akaushusha tena, ukapanda tena. Bibi akainua macho kumtazama binti yake dirishani, akamkuta naye amefunika mdomo, wala hakuwa anacheka.